Muvi za DJ Si Ushamba, Ni Historia Yetu

Wasee, kuna kitu kinanikera. Nikisema napenda komedi za Hollywood zilizowekwa sauti na DJ, hakosi mtu wa kuniambia niwache ushamba, nitazame orijino. Haya. Huo ushamba una karibu miaka 90, hebu tuuangalie.

Tuanze 1935. Mradi mmoja, Bantu Educational Kinema Experiment, uliweka kambi Vugiri, kule milima ya Usambara, Tanganyika. Kufikia 1937 ulikuwa umetengeneza filamu kama 35 za kufunza watu kilimo, ugonjwa wa safura, kuweka pesa posta. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingine. Picha hazikuwa na sauti, kwa hivyo maneno yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha za Kiafrika, yakapigwa kwa spika. Yaani sauti yetu juu ya picha ilikuwepo kitambo. Shida ni kwamba mzungu ndiye alipanga kinachosemwa. Sisi kazi yetu ilikuwa kusikiliza.

Kanda za video zilipofika, mambo yakageuka. Kampala wakatokea ma-VJ wa Kiganda, Dar es Salaam akavuma Lufufu, Kenya tukampata DJ Afro. Sasa anayeongea ni mtu wetu, na hapangiwi na mtu.

Na komedi ndiyo kipimo chenyewe. Ngumi haihitaji mkalimani, lakini kichekesho cha maneno ukikitafsiri neno kwa neno kinakufa. Chukua Coming to America ya 1988. Utamu wake nusu ni mwanamfalme Eddie Murphy kupotelea Queens, New York. Kama huijui Queens, unacheka nini? DJ mjanja anamfanya kijana aliyeshuka basi Nairobi mara ya kwanza, hajui bei ya chai. Hapo kibanda kizima kinaanguka. Huyo hajatafsiri, ameandika komedi nyingine juu ya ile ya kwanza.

Sasa njoo Garsen. Huu ni mji wa njia panda: huku Malindi, huku Lamu, huku Garissa. Mpokomo ana lugha yake, ya Kibantu. Muorma anaongea Kiorma, ambacho ni cha jamii ya Kioromo na hakifanani nacho hata kidogo. Mgiriama naye yupo, Mwardei yupo. Kiingereza cha Hollywood kinawapa cheko wachache waliosoma. Kiswahili cha DJ kinawapa wote, na kwa wakati mmoja.

Hilo si dogo kwetu. Kati ya 2012 na 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye mapigano ya Wapokomo na Waorma hapa Delta. Sisemi muvi inaleta amani, tusidanganyane. Maji, ardhi na siasa havimalizwi na DJ. Ila watu wakicheka pamoja kwenye benchi moja, ujue kuna lugha moja wanayoelewana. Hiyo ni ya kutunza.

Lakini tuseme ukweli wote. DJ anauza filamu isiyo yake, na hilo sheria hailikubali. Pia vichekesho vingi vinategemea lafudhi za makabila. Mfugaji akifanywa fala kila muvi, yule Muorma wa benchi la nyuma anacheka au anavumilia?

Dawa si kuwafukuza ma-DJ. Mwaka 2011, TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyowekwa sauti za Kiswahili. Azam TV nao wakaleta za Kituruki. Kwa hivyo inawezekana. Ila sauti zile ni safi mno, za studio. Mimi nataka leseni ipatikane, halafu maikrofoni apewe mtu wa kibandani. Na siku moja asimame dada wa Garsen atuchekeshe kwa Kipokomo na Kiorma ndani ya muvi moja. Nitalipa kiingilio, na nitakuja na marafiki.