Robert Weiss: Mwanasosholojia aliyesikiliza waliotengana katika ndoa

MIONGONI mwa wanasosholojia wa Marekani wa karne ya 20, Robert S. Weiss anakumbukwa kwa mambo mawili ambayo mtu angedhani hayahusiani: jinsi ya kumhoji mtu, na yale yampatayo mtu anapotengana na mwenziwe wa ndoa.

Alianza utafiti katika Chuo Kikuu cha Michigan, kitovu cha uchunguzi wa maoni ya umma kwa njia ya hojaji. Mnamo 1955, yeye na Nancy Morse walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanaume 401 walioajiriwa. Wanaume hao waliulizwa iwapo wangeendelea kufanya kazi endapo wangerithi fedha za kuwatosha kuishi raha mustarehe. Asilimia 80 walisema wangeendelea. Swali hilo limerudiwa na watafiti wengi tangu wakati huo.

Baadaye alihamia Boston, ambako alijiunga na watafiti wa afya ya akili katika jamii kwenye Chuo Kikuu cha Harvard. Huko ndiko alikoanza kuziweka kando takwimu na kuketi na watu ana kwa ana.

Alichunguza wazazi waliokuwa wakilea watoto bila wenzi na waliojiunga na chama cha watu wa hali yao. Chama kiliwapa marafiki, lakini usiku nyumbani upweke ulibaki pale pale. Akachunguza pia wanandoa waliohamia viunga vya Boston kutoka mbali. Wake hao walikuwa na waume zao, ila hawakuwa na jirani wala shoga wa kuzungumza naye, nao pia walilalamikia upweke. Kutokana na hayo, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu upweke, Weiss alitenganisha aina mbili: upweke wa kumkosa mtu mmoja wa karibu, na upweke wa kukosa jamii. Aina moja haiponyeshwi kwa dawa ya nyingine. Anayemshauri mjane atoke tu akachangamane na watu angefaa kulizingatia hilo.

Mwaka wa 1974 alishirikiana na Ira Glick na Colin Murray Parkes kuchapisha utafiti kuhusu mwaka wa kwanza wa kufiwa na mume au mke. Mwaka uliofuata kikatoka Marital Separation, kitabu kilichompatia jina.

Kitabu hicho kilitokana kwa kiasi kikubwa na semina alizowaandalia watu waliokuwa wametengana karibuni. Alichokiona ni kwamba mapenzi huweza kuisha, heshima ikavunjika, na hata chuki ikaingia, lakini kifungo cha moyo kisikatike. Mtu aliyeondoka kwa hiari yake hujikuta akihangaika, akikosa usingizi na kumwaza yule yule aliyemkimbia. Ili kulieleza jambo hilo, Weiss alitumia nadharia ya John Bowlby, daktari Mwingereza aliyechunguza uchungu wa watoto wachanga wanapotenganishwa na mama zao.

Aligundua pia kwamba kila aliyetengana hujitungia kisa cha jinsi ndoa ilivyovunjika: nani alianza, nani alikosea, lini mambo yaliharibika. Kisa cha mume na cha mke huweza kutofautiana kiasi cha kumfanya msikilizaji adhani ni ndoa mbili. Weiss hakujifanya kadhi wa kuamua nani mkweli. Aliona kwamba kisa chenyewe humsaidia mtu kuyapanga yaliyomfika. Ni kweli kwamba wengi wa watu hao walikuja wenyewe kutafuta msaada, tena katika mji mmoja, hivyo si busara kuyachukulia maneno yao kuwa ya kila mtalaka duniani.

Mnamo 1979 aliandika kuhusu familia za mzazi mmoja. Humo alieleza jinsi mtoto anavyopandishwa cheo nyumbani, akawa mshauri na msaidizi wa mzazi, na hivyo kukomaa mapema kuliko wenzake.

Ujuzi wa miaka hiyo yote aliukusanya katika Learning from Strangers, kilichotoka 1994. Mhojaji, asema, asitosheke na jibu la jumla. Mhojiwa akisema walikuwa wakigombana daima, aombwe asimulie ugomvi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: walikuwa wapi, nani alisema nini, kisha ikawaje. Na mhojiwa akigusia jambo kwa kupita, tuseme kifo cha mamake, mhojaji alihifadhi akilini na kulirudia baadaye, kwani mara nyingi huo ni mlango ulioachwa wazi makusudi. Kitabu hicho kimewafaa wanafunzi wengi wa vyuo vikuu, pengine kwa sababu kina mahojiano halisi, yaliyofaulu na yaliyoharibika.

Weiss, ambaye pia alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Boston, alichapisha mwaka wa 2005 kitabu kuhusu maisha ya wastaafu. Nusu karne baada ya lile swali la urithi, alikuwa akiwahoji watu walioiacha kazi kwelikweli.