Sarafu ya Fedha na Neno Uhuru

Mwaka 2012 Marekani ilitoa sarafu ya fedha ya dola 1 ili kuuenzi wimbo wake wa taifa. Upande mmoja amechorwa mwanamke, mfano wa Uhuru, akipeperusha bendera ya nyota 15. Nyuma yake yaonekana ngome ya McHenry, mjini Baltimore. Mnamo Septemba 1814 Waingereza waliipiga ngome hiyo kwa mizinga saa 25. Kulipopambazuka, mwanasheria Francis Scott Key, akiwa melini, aliiona bendera ingali inapepea, akatunga shairi. Mwaka 1931 likawa wimbo wa taifa.

Lakini Key, aliyeusifu uhuru, alimiliki watumwa. Na katika vita hivyo hivyo, watumwa waliowatoroka mabwana wao walipigana upande wa Uingereza, kwa kuwa huko waliahidiwa uhuru. Hayo sarafu haiyasemi.

Vijana wapendwa, neno jema huweza kumzidi aliyelinena. Waliofungwa minyororo walilidai neno lilo hilo, hata utumwa ukafutwa nchini humo mwaka 1865. Nasi tusimamapo kuuimba wimbo wa taifa letu, tujiulize: ni nani miongoni mwetu ambaye ahadi yake haijamfikia bado?