Kariakoo si Kiingereza kibovu

Juzi kwenye vimbweta ulizuka ubishi. Mshikaji mmoja wa sheria katoa hoja kwamba jina Kariakoo ni ushahidi tosha kuwa wazee wetu walishindwa kutamka Kiingereza. Watu wakacheka, stori ikahamia kwenye bumu linalochelewa. Mimi mtu wa historia halikunitoka kichwani, kwa hiyo leo naliweka hapa kwenye diary.

Kwamba Kariakoo ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi mnajua. Ila hebu tulitazame hilo neno la pili, "corps". Lina herufi tano, lakini Mwingereza mwenyewe akilisoma anasema "koo". P anaimeza, S anaimeza. Sasa hapo nani kashindwa kutamka? Wazee walisema walichosikia, na walisikia sawasawa.

Neno lenyewe limetoka mbali. Kwenye Kilatini ni "corpus", yaani mwili, uwe hai au umekufa. Wafaransa wakalirithi, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa. Tawi moja likaishia kuwa "corpse", maiti. Kisha mwanzoni mwa karne ya 18 likaingia tena toka Ufaransa, safari hii likiwa neno la jeshi: fungu kubwa la askari linalokwenda kama mwili mmoja. Lilikuja na matamshi yake ya Kifaransa, ndiyo maana zile herufi za mwisho hazisikiki. Napoleon ndiye aliyeupa mpango huo umaarufu. Mwaka 1805 jeshi lake liligawanywa kwa mafungu ya namna hiyo, kila moja na askari wake wa miguu, wa farasi na wa mizinga, likiweza kupigana peke yake mpaka wenzake wafike.

Baadaye neno likatoka vitani. Mabalozi wote waliomo katika nchi moja wanaitwa "diplomatic corps". Na mwaka 1961 Marekani ilianzisha "Peace Corps", vijana wa kujitolea, na Tanganyika ikawa kati ya nchi za kwanza kabisa kuwapokea.

Na msidhani wenye lugha hawateleza. Februari 2010 Rais Barack Obama, msomi wa Harvard, alikuwa akihutubia Washington, akamtaja mhudumu wa tiba wa jeshi la majini, "corpsman". Akaitamka ile P. Ikasikika kama mtu wa maiti!

Haya, tuje kwenye vita yenyewe, maana hapo kicheko kinakata.

Vita ilipofika huku Agosti 1914, reli zilikuwa chache na barabara za magari karibu hakuna. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Kikabaki kichwa cha mtu. Risasi, unga, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na watu kwa mamia ya maili. Kule Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 ukapita msako mkubwa zaidi. Wajerumani nao walikuwa wakikamata wapagazi upande wao.

Kwa hesabu za serikali ya Kiingereza, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa. Wanahistoria wengine wanakadiria karibu 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walimalizwa na kuhara damu, nimonia, malaria, na unga usioiva uliopikwa haraka njiani. Wale wa "corps" wakawa "corpse", tena si kwa mchezo wa maneno.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, wakaweka kambi ya wapagazi pale ambapo leo ni Kariakoo. Nairobi nako kambi yao iliacha jina lilelile, Kariokor. Vita ikaisha, kambi zikaondoka, jina likabaki.

Sasa angalieni walivyokumbukwa rasmi. Mwaka 1927 ilisimamishwa ile sanamu ya Askari pale mjini. Maandishi yake yanawataja wapagazi, tena yanawafananisha na viungo vya mwili wa jeshi. Lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi hayupo. Mwili umechongwa bila miguu iliyoubeba, ndivyo ninavyoona mimi.

Na majina? Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu waliokufa katika vita ile. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya mia moja.

Ndiyo maana ule utani wa vimbwetani ulinikera kidogo. Kumbukumbu ambayo dola kubwa ilishindwa kuiandika kwenye jiwe imetunzwa na konda wa daladala, mama muuza vitenge na machinga, kila siku, bila kujua. Hawakuharibu neno la mtu. Walilihifadhi. Kasoro yake ni moja tu: ni jina la wote kwa pamoja, na halituambii alikuwa babu wa nani. Kwa hiyo kama nyumbani bado kuna mzee mwenye stori ya babu aliyechukuliwa vitani hakurudi, muulize jina lake, uliandike.

Mimi nalala, kesho kuna test saa mbili na desa sijamaliza.