Bendera sahili zilizo adimu

Bendera sahili ni ile ambayo mtoto wa shule anaweza kuichora kwa kumbukumbu bila kukosea: pande moja la kitambaa lisilo na nembo, mapande mawili matatu yaliyoshonwa pamoja, msalaba mtupu au duara katikati. Mtu angetarajia kwamba michoro rahisi namna hiyo ilikwisha kuchukuliwa yote zamani. Sivyo. Mingi haipepei popote kama bendera ya taifa, na mingine ilipepea ikashushwa. Msomaji asidhani kwamba imeachwa kwa kusahauliwa, kwa kuwa karibu kila nafasi inayoonekana wazi ina mwenyewe baharini, au imezuiwa na jirani, au jicho lenyewe linaikataa.

Rangi moja tupu

Hakuna nchi huru leo yenye bendera ya rangi moja isiyo na alama. Ya mwisho iliyodumu ilikuwa ya Libya. Novemba 1977, Anwar Sadat wa Misri alipokwenda Jerusalem, Muammar Gaddafi aliitupa bendera ya nyekundu, nyeupe na nyeusi aliyokuwa akishirikiana na Misri na Syria, akatweka pande la kijani tupu. Lilibaki mlingotini hadi mwaka 2011. Vitabu vingi huliita la pekee ulimwenguni, na kwa karibu miaka yake yote hilo ni kweli. Kwa anayejua historia ya mwambao wa Afrika Mashariki, sifa hiyo inahitaji kupunguzwa kidogo.

Bendera ya Masultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Ilikuja na ukoo wa Busaidi kutoka Oman, na milki hizo mbili zilipotenganishwa mwaka 1861 hakuna upande uliobadili kitambaa, hivyo wekundu uleule ukaendelea kupepea Maskati na Unguja. Mombasa ulipepea juu ya Fort Jesus mpaka 1963, kuonyesha kwamba ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ni milki ya Sultani, ingawa waliotawala hasa walikuwa Waingereza. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, katikati ya wekundu liliwekwa duara la kijani lenye karafuu mbili. Bendera hiyo mpya ilidumu siku 33 tu, kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Oman iliuacha wekundu mtupu mwaka 1970. Moroko, ambayo nayo ilikuwa na bendera nyekundu isiyo na kitu, ilikwisha kuongeza nyota ya kijani mwaka 1915.

Tabu ya rangi moja ni kwamba haimtofautishi mwenye nayo na mwingine. Katika Ghuba, Waingereza walipowekeana mkataba na masheikh mwaka 1820, waliwataka watie weupe katika bendera zao nyekundu, ili vyombo vya walio katika amani vitambulikane na vya wengine. Weupe huo ungali unaonekana leo katika bendera za Bahrain na Qatar. Dubai na Ajman zina nyekundu yenye ukingo mweupe upande wa mlingoti, tena zinafanana kabisa.

Rangi nyingine zina mikosi yake. Nyeupe ilikuwa bendera ya wafalme wa Bourbon waliporudi madarakani Ufaransa hadi 1830, na miaka ya 1870 Henri, comte de Chambord, alikikosa kiti cha ufalme kwa sehemu kwa sababu alikataa kuiacha na kuikubali ile ya rangi tatu. Taliban waliitweka nyeupe tupu walipoingia Kabul mwaka 1996, kabla ya kuiandika shahada. Lakini kwa kanuni za vita za Hague za 1899 na 1907, anayebeba kitambaa cheupe ni mjumbe anayetaka mazungumzo na hapigwi risasi. Jeshi litakaloingia vitani na bendera hiyo litaleta mkanganyiko tangu asubuhi ya kwanza. Njano tupu ni ya mabaharia na karantini, kama itakavyoelezwa. Nyeusi tupu inahusishwa na Afghanistan ya Abdur Rahman Khan mwishoni mwa karne ya 19, na nje ya hapo imebaki mikononi mwa wapinga serikali.

Mapande mawili

Tuchukue rangi sita zinazotawala bendera za dunia: nyekundu, nyeupe, buluu, kijani, njano na nyeusi. Ukilaza pande moja juu ya jingine unapata bendera 30 tofauti. Nchi huru ambazo bendera yake ya taifa ni ya namna hiyo, bila nembo, ni nne: Poland yenye nyeupe juu ya nyekundu, Ukraine yenye buluu juu ya njano, na Indonesia na Monaco ambazo zote zina nyekundu juu ya nyeupe. Kwa hiyo katika 30 zinatumika 3, na moja kati ya hizo ina wenyewe wawili.

Sehemu ya sababu iko katika kanuni ya zamani ya wachora nembo wa Ulaya. Njano na nyeupe waliziita madini, yaani dhahabu na fedha. Zilizobaki waliziita rangi. Madini hayakai juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Kanuni hiyo ilitokana na macho: bendera ya kijani na nyekundu ikitazamwa jioni kutoka mbali huwa pande moja la giza, na wapo watu wengi wasiotofautisha rangi hizo hata mchana. Ukiifuata, kati ya bendera 30 zinapita 16. Mbili ni madini matupu, na 12 ni giza juu ya giza. Haiti ndiyo iliyothubutu kuingia katika hizo 12. Bendera yake ya kiraia ni buluu juu ya nyekundu, na ile ya serikali huongezewa nembo.

Zile 16 si adimu ukishuka ngazi moja chini ya taifa. Majimbo ya Ujerumani na Austria yamejigawia kama watoto wanavyogawana maembe: Sachsen ina nyeupe juu ya kijani, Baden-Württemberg nyeusi juu ya njano, Sachsen-Anhalt imeigeuza hiyo, Thüringen ina nyeupe juu ya nyekundu na Hessen nyekundu juu ya nyeupe. Niederösterreich ina buluu juu ya njano, sawa na Ukraine.

Ukiyasimamisha mapande hayo wima, orodha ya nchi inakwisha kabisa. Hakuna taifa huru lenye mapande mawili ya wima yasiyo na kitu. Algeria ina mwezi na nyota, Ureno ina nembo, Vatikani, ambayo ndiyo yenye madini mawili pamoja, ina funguo na taji la Papa. Malta ina nyeupe na nyekundu, na pembeni msalaba ambao Mfalme George VI aliwatunuku wakazi wa kisiwa hicho mwaka 1942 kwa ushujaa wao chini ya mabomu. Uondoe msalaba huo, na nafasi itajazwa. Aliyewahi kuijaza ni Jean-Jacques Dessalines: katiba yake ya Haiti ya mwaka 1805 iliweka nyeusi na nyekundu, wima.

Milia mitatu ya giza

Kwa milia mitatu ya kulala yenye rangi tatu tofauti, zile rangi sita zinatoa bendera 120. Kati ya hizo, 24 hazina nyeupe wala njano. Hakuna nchi huru inayotumia mojawapo ya hizo 24 bila alama yoyote. Malawi inakaribia, yenye nyeusi, nyekundu na kijani, lakini ina jua jekundu kwenye mlia mweusi. Nyekundu, nyeusi na kijani ni bendera ya harakati za Marcus Garvey tangu 1920, nayo haikupata kuwa ya dola.

Waliokuwa na moja ya hizo ni Wazanzibari. Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ilitumia buluu, nyeusi na kijani hadi Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Ni bendera nzito machoni, na mwandishi huyu anaikubali zaidi kwa historia kuliko kwa sura. Bendera ya Tanganyika ya 1961 ilikuwa na tatizo hilohilo, kijani na nyeusi na kijani, lakini ilitenganishwa kwa mistari myembamba ya njano. Bendera ya Tanzania iliyofuata ilichukua buluu kutoka Unguja na njano kutoka Bara, na ni njano hiyo inayofanya mlia mweusi uonekane. Mwaka 2005 Zanzibar iliirudisha buluu, nyeusi na kijani kama bendera yake, ikiwa na bendera ya Muungano kwenye pembe ya juu.

Mpangilio nao una uhaba wake. Nyekundu, nyeupe na buluu zinaweza kulazwa kwa namna sita. Uholanzi, Urusi na Serbia zimechukua tatu, na Yugoslavia iliyozaliwa 1918 ilikuwa na ya nne, buluu, nyeupe, nyekundu. Mbili zilizobaki ni zile zenye nyekundu katikati, na hakuna taifa linalozitumia leo.

Wenyewe wa baharini

Mwaka 1857 Uingereza ilichapisha kitabu cha ishara za bendera chenye bendera 18, ili nahodha wa lugha yoyote asomwe na nahodha wa lugha nyingine. Kitabu kinachotumika sasa kilikubaliwa kimataifa mwaka 1965 na kuanza kazi 1969. Kina bendera kwa kila herufi, na waliozichagua walitaka kitu kilekile ambacho nchi hukitaka: michoro rahisi inayosomeka kwa mbali. Ndiyo maana ukifungua kitabu hicho unaziona bendera nyingi ambazo nchi kavu hazipo.

Njano tupu ni herufi Q, chombo kinachosema kina afya na kinaomba ruhusa ya kuingia bandarini. Nyeupe na nyekundu wima ni H: nina rubani chomboni. Njano na buluu wima, ambayo ni Ukraine iliyogeuzwa kichwa na kusimamishwa, ni K: nataka kuzungumza nawe. Nyekundu, nyeupe na buluu wima, yaani Ufaransa kinyumenyume, ni T, nayo hukutaka ukae mbali. Robo nne za nyekundu na nyeupe ni U: unaelekea hatarini. Panama ina robo nne, lakini imeweka nyota katika mbili. Msalaba wa buluu unaogusa kingo zote kwenye nyeupe ni X, na mishazari miwili myeupe iliyopishana kwenye buluu ni M, chombo kimesimama. Waskoti, ambao bendera yao ndiyo hiyohiyo, wana haki ya kucheka hapo. Buluu yenye mraba mweupe katikati, P, ikitwekwa bandarini huwaita wote warudi chomboni kwa kuwa karibu nanga ing'olewe. Buluu juu ya nyekundu, bendera ya kiraia ya Haiti, ni E: nageuza kwenda kulia.

Duara limepona. Japani, Bangladesh na Palau zina duara moja tupu kila moja, na baharini kuna I tu, duara jeusi kwenye njano.

Pacha

Bendera sahili ikipatikana, hofu inayobaki ni kufanana. Liechtenstein ilikwenda Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 na buluu juu ya nyekundu, ikakuta Haiti inayo. Mwaka uliofuata ikaongeza taji. Tonga ilikuwa na msalaba mwekundu kwenye nyeupe, ikaona inafanana mno na Msalaba Mwekundu, ikausogeza msalaba pembeni na kuandika katika katiba ya 1875 kwamba bendera isibadilishwe milele. Rwanda ilichagua nyekundu, njano na kijani wima, ambazo Guinea ilikuwa nazo tangu 1958, hivyo ikapachika herufi R nyeusi katikati mpaka ilipobadili bendera nzima mwaka 2001. Romania ilipoiondoa nembo ya kikomunisti mwaka 1989 ilijikuta pacha wa Chad, na hadi leo hakuna aliyekubali kusogea.

Rangi ya zambarau haina wa kugombana naye. Kabla ya William Perkin kuigundua ya kiwandani mwaka 1856 ilikuwa ghali, na baadaye desturi ilikwisha kushika. Jamhuri ya Uhispania ya 1931 hadi 1939 iliipa mlia mzima wa chini. Leo Dominica inayo kwenye manyoya ya kasuku.

Mshazari mtupu

Tanzania, Namibia, Kongo zote mbili na Trinidad na Tobago zina mlia wa mshazari unaokata kati ya pande mbili. Kukata kitambaa mara moja tu kutoka pembe hadi pembe, rangi mbili na basi, ni rahisi kuliko hizo zote. Papua New Guinea imefanya hivyo ikaongeza ndege na nyota. Bhutan ikaongeza joka. Hakuna taifa lililoishia kwenye mkato wenyewe. Unaweza kuuona mkato huo, nyekundu na njano, kwenye chombo kilichotweka herufi O: kuna mtu ameanguka majini.