Wasiopewa Nafasi: Turkana katika Historia ya Ushindi Usiotarajiwa

Ushindi usiotarajiwa, yaani ule wa mchezaji au timu ambayo wajuzi wa mchezo hawakuipa nafasi, huhitaji watu wawili ili uwepo: anayeshinda na anayetabiri. Pasipo utabiri hakuna mshtuko, na katika riadha utabiri haupigwi kwa ramli bali hujengwa juu ya rekodi, yaani muda aliokwisha kuukimbia mtu, medali alizokwisha kutwaa na wapinzani aliokwisha kuwapiku. Kwa hiyo historia ya ushindi wa namna hii ni pia historia ya watu waliofika kwenye mstari wa kuanzia bila rekodi ya kutosha, na sababu za kuikosa rekodi hiyo mara nyingi hazipatikani uwanjani. Kaunti ya Turkana, ambayo makao yake makuu ni Lodwar na ambayo mji wake wa Kakuma unapakana na mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi barani Afrika, imechangia matukio mawili ambayo husimuliwa pamoja na maajabu ya Olimpiki. Usimulizi huo huyaweka matukio hayo katika kapu moja, jambo ambalo si sahihi.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni Olimpiki za Tokyo za mwaka 1964, ambako Billy Mills, Mmarekani wa jamii ya Walakota aliyezaliwa katika hifadhi ya Wenyeji wa Amerika ya Pine Ridge, alishinda mbio za mita 10,000 kwa dakika 28:24.4, muda uliopunguza zaidi ya sekunde 40 kutoka kwenye muda wake bora wa awali. Nyuma yake walikuwapo Mohammed Gammoudi wa Tunisia na Ron Clarke wa Australia, na huyo Clarke ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia. Katika michezo hiyohiyo, siku mbili baadaye, Wilson Kiprugut alitwaa shaba ya mita 800 na kuipa Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, kisha mwaka 1968 kule Mexico akaongeza fedha katika mbio hizo. Mike Boit alipata shaba mwaka 1972. Wakenya, kwa maneno mengine, walikuwa wameusogelea ushindi wa mita 800 mara tatu bila kuufikia, na matumaini ya kuufikia yalielekezwa kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, maeneo ya Kericho, Nandi na Elgeyo, ambako hewa ni nyembamba na mapafu, kama ilivyoaminiwa, huzoeshwa kazi tangu utotoni.

Turkana haikuwamo katika ramani hiyo ya matumaini. Lodwar iko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, kando ya mto Turkwel, katika joto ambalo hufanya mazoezi ya mchana kuwa adhabu, ilhali Iten, mji unaosifika kwa wakimbiaji, uko karibu mita 2,400. Hata hivyo jiografia ni nusu tu ya maelezo. Serikali ya kikoloni iliihesabu Turkana miongoni mwa wilaya zilizofungwa, maana yake wilaya ambazo mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali, na ilipotafuta mahali pa kuwaficha wapinzani wake iliwapeleka huko: Jomo Kenyatta, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, alihamishiwa Lodwar mwaka 1959 na kuwekwa chini ya ulinzi hadi mwaka 1961. Sehemu iliyochaguliwa kwa sababu haikufikika kwa urahisi haikuweza wakati huohuo kuwa sehemu ya shule nyingi, viwanja vya riadha na mashindano ya wilaya, na bila mashindano ya wilaya hakuna mtu anayesimama pembeni na saa ya kupimia.

Hii ndiyo sababu inayofanya habari za Paul Ereng, mkimbiaji wa mita 800, zistahili kusomwa kwa makini kuliko zinavyosomwa kwa kawaida. Ereng ni Mturkana, ingawa kumbukumbu za riadha humtaja kuwa mzaliwa wa Kitale, mji ulio mwanzoni mwa barabara ishukayo Lodwar, na ambao kwa miaka mingi umekuwa mlango wa Waturkana wanaotafuta kazi na shule katika nyanda za juu. Alisoma Starehe, shule ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na wenzake na ambayo huwapokea kwa ufadhili wavulana wenye uwezo wa masomo wasio na uwezo wa karo. Mbio alizozikimbia hapo na baadaye zilikuwa za mita 400, yaani mzunguko mmoja wa uwanja. Alipopata nafasi katika Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, kocha wake huko, Fred Hardy, alimhamishia kwenye mizunguko miwili, na msimu huohuo wa 1988 akatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mita 800. Katika mashindano ya kuteua timu ya Kenya alishika nafasi ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho inayompeleka mtu Olimpiki.

Olimpiki za Seoul za mwaka 1988 zilikuwa na majina makubwa zaidi. Joaquim Cruz wa Brazil alikuwa bingwa mtetezi, aliyeshinda Los Angeles mwaka 1984. Saïd Aouita wa Morocco alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 na mwenye rekodi za dunia za mita 1,500 na 5,000, na alikuwa ameshuka hadi mita 800 kwa nia ya kuonyesha kwamba hakuna masafa yaliyomshinda. Mkenya aliyetazamiwa kuwatia shaka hao wawili alikuwa Billy Konchellah, bingwa wa dunia wa mwaka 1987, lakini Konchellah hakuwapo Seoul. Ereng, ambaye alikuwa ameyakimbia masafa hayo kwa muda usiofika mwaka mmoja, hakuwa na historia ambayo mtu angeweza kuitumia kumtabiria lolote.

Fainali ilikimbiwa tarehe 26 Septemba 1988. Mbio za mita 800 zina tabia ya kumdanganya anayeongoza, kwa kuwa ni fupi kiasi cha kumshawishi aondoke kwa kasi ya mkimbiaji wa mita 400, na ni ndefu kiasi cha kumdai deni lote katika mita 100 za mwisho. Nixon Kiprotich, Mkenya mwenzake Ereng, aliongoza mzunguko wa kwanza kwa muda ulio chini ya sekunde 50, kasi ambayo wachache huweza kuibeba hadi mwisho, na hatimaye yeye mwenyewe alimaliza wa nane kati ya wanane. Ereng alikuwa wa saba kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia. Hakuwa amelala, bali alikuwa amekataa kulipa bei ya mzunguko wa kwanza, na alipoanza kupanda, mmoja baada ya mwingine, waliokuwa mbele yake walikuwa tayari wanapungua kasi huku yeye akiwa bado ana miguu ya mkimbiaji wa mita 400. Cruz alishika uongozi na akaonekana kuelekea taji la pili. Katika sehemu iliyonyooka ya mwisho Ereng alimfikia, akampita na kumaliza kwa dakika 1:43.45, Cruz akiwa wa pili kwa 1:43.90, Aouita wa tatu kwa 1:44.06, na Mwingereza Peter Elliott akakosa medali kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mita 800 za Olimpiki, na iliyoileta alikuwa mtu wa tatu katika mchujo wa nyumbani.

Kenya iliondoka Seoul na dhahabu tano, na si ya Ereng pekee iliyowaacha watu vinywa wazi, kwani Peter Rono alishinda mita 1,500 bila kutazamiwa, na Robert Wangila akaleta dhahabu ya ndondi. Mwaka 1989 Ereng alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za ndani, yaani zinazokimbiwa katika ukumbi uliofunikwa, kule Budapest, na kuweka rekodi ya dunia ya mbio hizo ya 1:44.84, akaurudia ubingwa huo mwaka 1991. Mtu anayebahatisha hafanyi hivyo. Baada yake dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 imerudi Kenya kupitia William Tanui mwaka 1992, Wilfred Bungei mwaka 2008, David Rudisha mara mbili, Emmanuel Korir na Emmanuel Wanyonyi, hata kioja cha mwaka 1988 kimekuwa jambo ambalo Wakenya hulidai kama haki yao.

Yapo maelezo mepesi ya ushindi wa Ereng ambayo hurudiwa bila kupimwa, nayo ni kwamba Mturkana hukimbia kwa sababu amekulia akifukuzana na mbuzi jangwani. Kama ingekuwa hivyo, Lodwar ingekwisha kujaa mabingwa wa Olimpiki, kwa kuwa mbuzi hawajawahi kupungukiwa na wachungaji huko. Kilichomtenga Ereng na vijana wengine wa rika lake ni bweni la Starehe, nauli ya ndege kwenda Virginia, na kocha aliyetambua kwamba kasi yake ingefaa zaidi katika masafa marefu kidogo. Mshtuko wa Seoul ulikuwa wa watabiri tu, kwani kwa wale walioshika saa Virginia katika msimu wa 1988, jambo hilo lilikuwa na mantiki yake.

Kakuma ina historia tofauti. Kambi yake ilianzishwa mwaka 1992 ili kuwapokea maelfu ya watoto na vijana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu, na sheria ya kukaa kambini, ambayo humtaka mkimbizi apate kibali kabla ya kusafiri nje ya eneo hilo, iliwarithisha wageni hao kile kilichowahi kuwafunga wenyeji. Mkimbizi asiye na pasi ya kusafiria wala chama cha riadha cha taifa kwa muda mrefu hakuwa na njia ya kuingia Olimpiki hata angekimbia kama swala, kwa kuwa mashindano hayo yaliwapokea wanariadha kupitia kamati za nchi zao. Kwa miaka mingi wanamichezo wa Kakuma waliojulikana duniani walijulikana baada ya kuihama. Lopez Lomong, mkimbiaji aliyekaa kambini takriban miaka kumi, alikwenda Marekani mwaka 2001 na mwaka 2008 akaibeba bendera ya nchi hiyo katika ufunguzi wa Olimpiki za Beijing. Awer Mabil, aliyezaliwa kambini mwaka 1995 na kuhamia Australia akiwa mtoto, alifunga mojawapo ya penalti zilizoitoa Peru mwezi Juni 2022 na kuipeleka Australia katika Kombe la Dunia la Qatar.

Aliyeubadilisha utaratibu huo ni Tegla Loroupe, Mpokoti ambaye mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, ushindi ambao nao haukutarajiwa. Ni vyema ikumbukwe kwamba Wapokoti na Waturkana wameibiana mifugo na kuuana kwa vizazi vingi, na kwamba taasisi ya Loroupe ilianza kwa kuandaa mbio za amani zilizowakutanisha mashujaa wa pande hizo. Wakati Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoamua kuunda timu ya wakimbizi, majaribio yalifanywa Kakuma. Rose Nathike Lokonyen, aliyefika kambini kutoka Sudan Kusini akiwa mtoto, alikimbia mbio za kilomita 10 bila viatu na kumaliza wa pili, bila kuwa na mafunzo yoyote ya riadha nyuma yake. Waliochaguliwa walihamishiwa Ngong kwa mazoezi, na kati ya wanariadha kumi waliotangazwa mwezi Juni 2016, watano walitoka Kakuma: Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, James Nyang Chiengjiek, Yiech Pur Biel na Paulo Amotun Lokoro.

Tarehe 5 Agosti 2016 Lokonyen aliibeba bendera ya Olimpiki katika ufunguzi wa michezo ya Rio, katika uwanja wa Maracanã, na uwanja mzima ukasimama. Matokeo ya mbio zenyewe hayana utata. Wote watano waliishia katika mchujo wa awali; Lokonyen alikimbia mita 800 kwa dakika 2:16.64, na Biel alikimbia masafa hayo kwa 1:54.67 katika mashindano ambayo Rudisha aliyashinda kwa 1:42.15, tofauti ya sekunde zaidi ya 12, ambayo katika mizunguko miwili ni umbali wa takriban mita 90. Waandishi walioita jambo hili ushindi mkubwa kuliko wote hawakuwatendea haki wakimbiaji hao, maana waliwaondoa katika riadha na kuwaweka katika hotuba. Chini ya mwaka mmoja wa mazoezi hauwezi kuifuta miaka kumi isiyo na kocha, na hakuna mtabiri aliyekosea kuhusu nafasi walizomaliza. Walichokosea watabiri, na hapa walikosea kabisa, ni kutofikiria kwamba wangekuwapo.

Wanne kati yao walirudi katika Olimpiki, safari hii za Tokyo, mwaka 2021. Chiengjiek, ambaye Rio alikuwa amekimbia mita 400, safari hii alijipanga katika mita 800, akaanguka katika mchujo, akainuka na kumaliza. Dhahabu ya mbio hizo ilikwenda kwa Emmanuel Korir, aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ambako kocha wake alikuwa Paul Ereng. Biel hakukimbia Tokyo, lakini mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akiwa mkimbizi wa kwanza kuingia katika chombo kinachoamua ni nani atakayeruhusiwa kushindana.