Orpheus Alivyotoka Vermont Hadi Broadway

Mwaka 2006, katika miji midogo ya Barre na Vergennes, jimbo la Vermont nchini Marekani, mwimbaji kijana aitwaye Anaïs Mitchell alionyesha mchezo wa nyimbo uliokuwa bado mbichi. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walijipakia kwenye basi la shule wakauzungusha Vermont na Massachusetts. Mchezo huo ni *Hadestown*.

Kisa chenyewe ni cha Wagiriki wa kale, na washairi wa Kirumi Virgil na Ovid walikisimulia miaka 2,000 iliyopita. Orpheus, fundi wa muziki, alifiwa na mkewe Eurydice aliyeumwa na nyoka. Akamfuata kuzimu, akaimba mpaka wenye kuzimu wakalegea. Akapewa mkewe kwa sharti moja: asigeuke nyuma kabla hawajafika juu. Akageuka.

Mitchell alimwondoa nyoka, na kwangu hapo ndipo penye uzito wa kazi yake. Eurydice wake ni msichana mwenye njaa. Baridi imekaza, Orpheus amezama katika kutunga wimbo, na Hades, mungu wa kuzimu, anatokea na ahadi ya ajira na shibe. Msichana anakwenda kwa miguu yake mwenyewe. Kuzimu kumekuwa mji wa viwanda, ambako vibarua wanajenga ukuta usiokwisha huku wakiaminishwa kwamba unawakinga na maskini walio nje. Wimbo wa ukuta huo ulitungwa miaka kadhaa kabla Donald Trump hajaanza kunadi ukuta wake wa mpakani. Mitchell hakuwa mtabiri. Aliijua njaa inavyomfanya mtu akubali masharti.

Mwaka 2010 nyimbo zilitoka kwenye albamu iliyotolewa na kampuni ya Ani DiFranco, naye DiFranco akaimba kama Persephone, mke wa Hades. Kisha akaja mwongozaji Rachel Chavkin. New York mwaka 2016, Edmonton nchini Kanada 2017, London 2018: kila kituo maneno yalifumuliwa na kushonwa upya. Baada ya London, Orpheus aliyekuwa akijiamini aligeuzwa kijana mnyofu asiyejua hila za dunia. Mwisho wa kisa haukuguswa.

Tarehe 17 Aprili 2019 mchezo ulizinduliwa Broadway, katika ukumbi wa Walter Kerr. Wapiga ala wamekaa jukwaani pamoja na waigizaji, na tromboni inanguruma kama ya baa za New Orleans. Orpheus anaposhuka kuzimu, taa kubwa zilizoning'inizwa zinasukumwa na vibarua, zinabembea huku na huko zikilikata giza, naye anapita katikati yake akiimba.

Mchezo uliteuliwa kuwania tuzo 14 za Tony, tuzo za michezo ya Broadway, na Juni mwaka huo ukachukua 8, ikiwemo ya mchezo bora wa nyimbo. André De Shields, aliyecheza mungu Hermes, alipata Tony yake ya kwanza akiwa na miaka 73. Chavkin alikuwa mwanamke pekee aliyeongoza mchezo wa nyimbo Broadway msimu ule. Alilisema hilo palepale jukwaani: wanawake wenye uwezo wapo, wenye kugawa kazi ndio wasiowaona. Alisema kweli, na ilipasa isemwe mbele ya wenyewe.

Korona ilifunga ukumbi Machi 2020. Mchezo ulirejea tarehe 2 Septemba 2021, na Februari 2024 ukafunguliwa pia London, katika ukumbi wa Lyric.