Ntare wa Heru alikuwa mama

Nimerudi chuo, ila swali la dogo mmoja kule BTP bado linaniumiza kichwa: "Mwalimu, sisi Waha tulikuwa na wafalme?" Nikababaika. Mirambo na Mkwawa nimewakariri wote, halafu mimi ni mtoto wa Mwandiga!

Tulikuwa nao, tena si mmoja. Heru, Muhambwe, Buyungu, kila sehemu na mwami wake, na watwale chini yake. Heru, kule Kasulu, jina la Ntare, yaani simba, lilirithiwa kama kiti chenyewe. Jirani zetu Burundi nao walikuwa nalo, likipokezana na Mwezi, Mutaga na Mwambutsa.

Sasa patamu hapa: enzi za Mwingereza, kiti cha Heru alikikalia mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Kilichokata urithi ni sheria tu. Mwaka 1963 serikali ilifuta uchifu Tanganyika nzima. Burundi ilikuwa damu. Mwaka 1966 Ntare V alimwondoa baba yake, miezi michache mbele Micombero akampindua yeye, na 1972 akauawa.

Dogo yuko form two. BTP ijayo namtafuta.